Kibao Kilichoruka Nyumba ya Saba

Mgeni husifiwa, jirani huambiwa.

Jana mlimsikia Bi Kibibi akilisema neno hilo, alipomwambia mkamwana wake kwamba wali umeingia moshi na yule binti akanuna. Mkaja mbio, wajukuu zangu, kuniuliza limetoka wapi, maana mmelitafuta kwenye kitabu chenu cha methali hamkuliona. Hamtaliona, halijafika vitabuni. Lilitoka Japani, likaingia hapa Muheza kwa simu, nalo lilianza hivi.

Bi Kibibi ana binti aitwaye Sikudhani. Huyo alikwenda Japani kusoma lugha ya huko, akitaka kufaulu mtihani wa daraja la kati, ili apokelewe chuo cha kusindika matunda. Kwa nini matunda? Mnajua wenyewe machungwa yanavyooza hapa kwetu msimu ukichachamaa. Yeye aliona yanavyooza tangu mtoto, akasema lazima kuna mahali watu wanajua la kufanya.

Mwaka wa kwanza ulipita vizuri. Mwaka wa pili ndio uliokuwa mgumu, kwa sababu katikati ya lugha ni mahali pabaya pa kusimama. Anayeanza hana aibu, akikosea hucheka. Aliyebobea hana hofu. Wa katikati anajua kuuliza njia, lakini akijibiwa hajui ameelekezwa wapi. Anaweza kununua samaki, hawezi kusoma barua ya watu wa maji. Na herufi zao si ishirini na ngapi kama zetu. Ni maelfu, na kila moja ni kama nyumba yenye milango yake, ukiingia kwa mlango usio wake unapotea.

Alikaa katika mji mdogo wa milimani, kwenye kichochoro cha nyumba kumi na moja. Yake ilikuwa ya saba, nyumba kuukuu ya mbao, aliyoipanga kwa mama mmoja mtu mzima aitwaye Bi Nishida. Aliipata kwa taabu. Wenye nyumba wanane walikuwa wamekwisha kumkataa kabla ya hapo, kwa adabu sana, huku wakiinama.

Majirani walikuwa wema. Akisema tu habari za asubuhi, mwenye duka anashika mashavu: "Lo! Kijapani chako kizuri mno!" Akishukuru kwa chenji, anasifiwa. Siku moja alipiga chafya kwenye basi, akaomba radhi, akasifiwa hapo pia.

Kila Jumapili alimpigia mama yake simu. Kule huwa jioni, huku bado mchana.

"Wanakusifu?" Bi Kibibi angeuliza.

"Wananisifu, mama. Kila siku."

"Alhamdulillahi. Basi umeshafika, mwanangu."

Sikudhani naye akaamini amefika.

Mwezi wa kumi na moja Bi Nishida akaja. Alivua viatu, akapiga magoti kwenye mkeka, akanywa chai yake mpaka tone la mwisho ndipo akasema.

"Mkataba wetu unaisha mwezi wa tatu. Sitauendeleza."

Sikudhani alihisi kama mkeka umevutwa chini yake. "Nimekosa nini, Bi Nishida?"

"Mtaro wa maji umesafishwa mara tatu tangu uhamie hapa. Nyumba kumi zilitoka na sepetu zao. Yako ilikuwa imefungwa. Hakuna aliyepiga kelele, lakini maneno yamenifikia."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Kila nyumba huambiwa. Kibao hupita."

"Kibao gani?"

Bi Nishida akaweka kikombe chini. Kisha akamweleza. Kule kila kichochoro kina kibao chake chepesi chenye kibanio, na kwenye kibanio karatasi za matangazo: siku ya mtaro, siku ya taka, nani amefiwa. Nyumba ya kwanza ikisoma hupiga muhuri wake mdogo mahali pake, ikaipelekea ya pili, na ya pili ya tatu, mpaka mwisho. Sikudhani alikuwa amekaa mle mwaka na nusu, na hicho kibao hakukijua hata rangi.

"Mwezi wa tatu mtaro utasafishwa tena," Bi Nishida akasema akiinuka. "Siku hiyo nitakuja kuwauliza majirani. Wakitaka ukae, utakaa. Wasipotaka, nisamehe, mimi nami nitazeeka nao hawa."

Bila nyumba ile hapakuwa na nyingine. Bila mahali pa kulala hapakuwa na mtihani wa mwezi wa saba, na bila mtihani angerudi Muheza na begi lile lile alilokwenda nalo. Sikudhani hakulia. Alivaa koti akaenda kubisha nyumba ya sita.

Nyumba ya sita alikaa Bwana Ogata, mzee mkavu, mjane. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuruhusu treni kuondoka kituoni, na mpaka leo alitazama saa kabla ya kufungua mlango.

"Bwana Ogata, kibao kinatoka kwako kwenda wapi?"

"Kwa Bi Murai, nyumba ya nane." Mzee akababaika kidogo. "Tuliona tukupunguzie mzigo, Siku-san. Matangazo yana herufi ngumu. Lakini Kijapani chako kizuri kweli!"

Siku-san ndilo jina walilompa, kwa maana jina zima liliwashinda, na "san" ni neno lao la heshima. Mzee akachukua kibao ndani akamwonyesha. Kwenye orodha ya nyumba kumi na moja, ya saba ilikuwa imepigwa mstari, mstari mzuri, ulionyooka, wa rula. Sikudhani aliutazama ule mstari zaidi kuliko alivyowahi kutazama herufi yoyote. Sifa zote zile, kumbe alikuwa amefutwa kwa adabu.

"Naomba kipite kwangu."

"Usijisumbue."

Alirudi siku ya pili. Mzee akampa matunda ya kwao, mekundu kama nyanya, akamsifu tena, akafunga mlango. Alirudi siku ya tatu, na mvua inanyesha, akasimama hapo hapo kizingitini na matunda yale mkononi.

"Bwana Ogata, nimeyarudisha matunda. Mimi nimekuja kutaka kibao."

Mzee alitazama saa, akaitazama mvua, akaingia ndani kutafuta kifutio.

Jumatatu iliyofuata kibao kilifika nyumba ya saba. Furaha gani ile! Sikudhani alikiweka mezani kama mgeni wa heshima, akafungua kamusi, akaanza karatasi ya kwanza. Herufi baada ya herufi. Akaandika maana pembeni ya daftari, akanywa chai, akaendelea. Jumanne akamaliza karatasi ya pili. Jumatano, ya tatu. Alhamisi asubuhi ilikuwa imebaki moja tu, na alikuwa anajisifu moyoni kwa kusoma mpaka mwisho bila kuruka neno, pale mlango ulipogongwa kama unataka kung'oka.

Alikuwa Bwana Ogata. Hakusalimu.

"Kibao kiko wapi?"

"Kiko hapa, Bwana Ogata. Nimebakiza karatasi moja."

"Umebakiza! Kibao hakilali nyumbani kwa mtu! Kinaingia, kinapigwa muhuri, kinatoka! Hiyo karatasi moja uliyobakiza unajua inasema nini? Maji yamekatwa leo tangu saa mbili mpaka jioni. Wote wamejaza ndoo. Bi Murai je? Ana miaka themanini na tisa, kipaza sauti cha mji hakisikii, kibao ndicho sikio lake. Na sikio lake limekaa mezani kwako siku tatu, linanywa chai! Nimemkuta anatikisa birika tupu!"

Sikudhani aliinama mpaka nywele zikagusa magoti. Aibu ilimchoma masikio. Lakini ndani ya ile aibu kulikuwa na jambo jingine, akalitambua akiwa bado ameinama. Mzee hakusema polepole kama siku zote. Hakutumia mikono kumwonyesha ndoo ni kitu gani. Wala hakusifu Kijapani chake. Alikuwa amemfokea kama anavyofokewa mtu wa pale, na yeye alikuwa ameelewa kila neno.

Hakusubiri. Alibeba birika lake lililokuwa limejaa na chupa mbili za maji ya kunywa, na kibao kwapani, akakimbilia nyumba ya nane. Bi Murai alifungua, kabibi kadogo kama kifaranga, akapokea maji, akapokea kibao.

"Umechelewa," akasema, akafunga mlango.

Bwana Ogata alikuwa bado kichochoroni. Sikudhani akamfuata.

"Naomba usiache."

"Nisiache nini?"

"Kunifokea. Nikikosea niambie vile vile ulivyoniambia sasa hivi. Mkinisifu hivi mpaka mwezi wa tatu, nitaondoka hapa na sifa zangu."

Mzee akakohoa. "Kwetu, kumwambia mgeni kosa lake ni utovu wa adabu."

"Basi nifanye niwe jirani, unikosee adabu."

Nasikia mzee alitaka kucheka, uso ukamkatalia kwa kukosa mazoea. Alichungulia mlango wa Sikudhani uliokuwa wazi. "La kwanza, viatu vyako vimetazama ndani. Vigeuze vitazame nje. La pili, una simu ya picha. Piga picha tangazo, peleka kibao, kisha kaa usome mpaka uzeeke."

Tangu siku ile kibao hakikukaa nyumba ya saba hata robo saa. Kikiingia, Sikudhani anapiga picha, anagonga muhuri, anakipeleka kwa Bi Murai hata kama jikoni kitu kinaungua. Kisha ndipo anasoma. Na kila Jumamosi, katika baridi ya kule inayokata masikio, anasimama getini kwa Bwana Ogata na kumsomea matangazo kwa sauti. Mzee hakumhurumia. "Hapana. Rudia. Hapana. Umesema mazishi ni sherehe, utakwenda na zawadi? Rudia." Siku nyingine alirudi ndani na machozi, kesho yake akatoka na daftari. Mwalimu wake darasani akaanza kumwuliza nani anamfundisha. Akajibu, "Mzee mmoja wa treni." Jirani wa nyumba ya tano naye akapata ushujaa, akamwambia taka zake za Jumanne hufungwa vibaya. Bi Murai akamwambia anakanyaga kwa kishindo kama ng'ombe. Hiyo mpaka Bi Kibibi aliipata kwa simu.

"Ng'ombe?" Bi Kibibi aliwaka. "Mwanangu mimi ni ng'ombe? Zamani si walikuwa wanakusifu?"

"Walikuwa wananisifu, mama."

"Sasa imekuwaje? Umeharibu wapi?"

"Subiri mwezi wa tatu, mama."

Mwezi wa tatu ukafika. Siku ya mtaro Sikudhani alitoka na mabuti na sepetu, wa kwanza kichochoroni, hata Bwana Ogata alimkuta yupo. Wakaingia mtaroni wote, matope mpaka vifundoni, majani yaliyooza, mizizi. Alichimba kama mtu anayedaiwa na ardhi. Baada ya kitambo sauti ya Bwana Ogata ikapaa.

"Siku-san! Matope upande wa ukuta! Ukiyatupa upande wa barabara mvua itayarudisha mtaroni! Nani amekulea?"

"Bi Kibibi wa Muheza!" akajibu, bila kuinua kichwa, akaanza kuyahamisha yote. Watu wakacheka.

Hapo ndipo Bi Nishida alipowasili, na viatu vyake safi, akasimama ukingoni. Akainama kuwasalimu. Akasema amekuja kuuliza juu ya mpangaji wake. Watu wakasimamisha sepetu. Sikudhani akashika mpini wa sepetu yake kwa mikono miwili.

Mwenye duka, mtu mwema, akawahi: "Ah, Siku-san! Kijapani chake kizuri mno..."

"Kizuri wapi?" Bwana Ogata akamkata. "Bado anasoma tangazo kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Mlango wake unagongana na upepo na hautii mafuta. Na ona matope haya, yote kayaweka barabarani, sasa tunayabeba mara mbili."

"Na anatembea kwa kishindo," Bi Murai akaongeza, kutoka kwenye kigoda alichoketi.

Bi Nishida aliwatazama wote, mmoja mmoja, uso umemshuka. "Basi nimeelewa. Hamtaki akae. Poleni kwa usumbufu."

Bwana Ogata akashangaa kweli kweli. "Nani kasema asikae? Atakwenda wapi? Kuanzia mwezi wa nne ni zamu ya nyumba ya saba kuongoza kichochoro. Yeye ndiye atakayeandika matangazo ya kibao. Nani mwingine aandike, mimi? Mimi niliandika mwaka juzi!"

Bi Nishida akageuka kumtazama Sikudhani, aliyekuwa ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, anacheka na kulia pamoja. Akafungua mkoba, akatoa mkataba, akauliza nani ana kalamu.

Jioni ile Sikudhani alipiga simu. Bi Kibibi alikuwa anaanua nguo uani.

"Enhe, niambie. Leo wamekusifu?"

"Hata mmoja, mama. Wamenisema tangu asubuhi. Matope, mlango, kutembea kwangu. Na wewe umetajwa."

"Yarabi! Na nyumba?"

"Nimepewa. Na uongozi wa kichochoro juu."

Bi Kibibi akaketi juu ya zile nguo. "Mwanangu, mbona sielewi? Wale waliokusifu walikuwa wanakufukuza, hawa wanaokusema wamekuweka?"

"Ndivyo, mama. Waliponisifu nilikuwa mgeni, na mgeni hana la kuambiwa. Sasa ni jirani yao. Jirani huambiwa."

Bi Kibibi alilirudia lile neno taratibu, akaligeuza mdomoni, na hata kabla jua halijatua alikuwa amekwisha kulisema kwa watu watatu. Tangu hapo likawa la mtaa.

Kwa hiyo akitokea mtu akakwambia kosa lako usoni, usikimbilie kununa, wajukuu zangu. Kwanza angalia amekuweka upande gani wa mlango. Mgeni husifiwa, jirani huambiwa.