Mstari Mmoja wa Jina la Mwalimu

Hapo zamani, lakini si zamani ya kukosa karani, kulikuwa na mji wa milimani wenye shule moja tu, ya bweni, ng'ambo ya bonde. Zaituni alipelekwa huko akiwa na miaka minane. Pumu ikamrudisha nyumbani mara tatu, mara zote kwa machela. Mara ya tatu baba yake, Shemweta, fundi cherehani, akasema, "Basi. Atasomea hapa."

Kesho yake alfajiri akagonga ringi ya gari aliyoitundika mlangoni, akapandisha kanga ya mkewe mtini kama bendera, akaimba wimbo wa taifa peke yake. Alidhani ndivyo sheria inavyotaka.

"Sheria umeisoma?" mkewe, Mwanaidi, akamwuliza.

"Sheria ya shule nani haijui?"

Mwanaidi akaenda ofisi ya elimu kuisoma. Akaenda mara saba. Bendera haikutajwa. Yalitakiwa mambo matatu: ombi la kibali cha kusomea nyumbani, daftari la mahudhurio, na mtihani mbele ya mkaguzi mwisho wa mwaka. Mtoto akifaulu, jina la mwalimu wake linaandikwa kwenye kibali. Jina likiwa la uongo, mtoto anarudi bweni.

Mwaka ukapita. Mkaguzi akaja. Zaituni akapata hesabu zote. Akapewa barua, akaisoma bila kukwama, ila kwa sauti ya mtangazaji wa vifo redioni.

"Amefaulu," mkaguzi akasema, akafungua kalamu. "Mwalimu ni nani?"

"Mimi," akasema Shemweta. "Hesabu nimemfundisha kwa futikamba, kila asubuhi. Mashati mawili ya watu yametoka na mkono mmoja kwa ajili yake."

"Na kusoma?"

"Kusoma nilifundisha. Yeye alikuwa analala."

"Mwalimu ni mimi," akasema Mwanaidi. "Nisingefuatilia kibali, leo ungekuja na askari. Ratiba nimepanga mimi, vitabu nimeazima mimi, daftari nimejaza mimi. Siku mia mbili, hakukosa hata moja."

"Siku nyingine nilikuwa juu ya mpera," akasema Zaituni.

"Mpera uko ndani ya ua. Umehudhuria."

Mama yake Shemweta, Bibi Hoza, akakohoa kwenye kigoda chake. "Mwanangu mkaguzi, andika Hoza."

"Bibi, unajua kusoma?"

"Ningejua, huyu ningemhitaji wa nini? Kila alasiri nampa gazeti lililofungiwa sukari, anisomee nani amekufa. Akikosea jina namwambia, rudia, usiniulie watu wazima wazima! Amerudia mpaka amejua."

"Mama, huo ni umbea, si ualimu," akasema Shemweta.

"Na kupandisha kanga ni nini?"

"Andika wote watatu," Mwanaidi akasema.

"Mstari ni mmoja, mama." Mkaguzi akamgeukia mtoto. "Haya, sema wewe."

Zaituni akawatazama mmoja mmoja. "Nikitaja mmoja, wawili watanuna, na wote ndio wanaonilisha. Lakini bweni sirudi."

Mkaguzi bado ameshika kalamu, na wino unamkaukia. Ninyi mnaocheka huko nyuma, msaidieni: hesabu zilitoka kwa baba, ruhusa ilitoka kwa mama, kusoma kulitoka kwa bibi aliyekuwa akitafuta habari za misiba. Je, nani alistahili ule mstari?