Kabati la Ikupa

Mwenda pole hajikwai: atazamaye pa kukanyaga huchelewa kidogo, lakini hufika na kucha zake zote. Anania, seremala wa Mafinga, aliijua methali hiyo kwa ulimi miaka mingi kabla ya kuijua kwa moyo.

Mwaka 1976 binti yake wa pekee, Ikupa, aliposwa Mwanjelwa, Mbeya. Anania alimpenda kama mboni ya jicho, akaapa kwamba ataingia kwa mumewe na kabati la vyombo lililotoka mkononi mwa baba yake. Harusi ilibakiza wiki tatu, na mbao za msonobari ndiyo kwanza zimepasuliwa, mbichi, zinanuka utomvu. Zilihitaji miezi mitatu kivulini, zimetenganishwa kwa vijiti ili zipate hewa.

"Nitazikausha kwa moto," alisema, akawasha.

Mkewe, Marta, akatikisa kichwa. "Baba Ikupa, hizo zitakauka usoni tu. Fikiri kwanza. Mtoto aende, kabati litamfuata."

"Niende harusini mikono mitupu? Wakwe watanicheka!"

Harusi ilipofika, kabati likapakiwa kwenye lori, linang'aa kwa vanishi. Mwanjelwa likapigiwa vigelegele, na Anania akavimba kichwa.

Miezi miwili baadaye walikwenda kumsalimu binti yao. Kabati lilikuwa limefunikwa kitambaa cha kufuma, na chini yake mlango umepinda, umefungwa kwa kamba.

Mama mkwe wake Ikupa akacheka kwa upole. "Baba Ikupa, binti yako ana nguvu! Anasema aliuvuta mlango mwenyewe mpaka ukapinda. Sahani zangu mbili ziliangukia hapo."

Anania alimtazama mwanawe, naye akainamisha macho. Mtoto alikuwa ameibeba aibu ya baba yake bila kumwambia mtu. Machozi yakamlenga mzee.

"Hapana, mama. Mtoto hana kosa. Mbao zilikuwa mbichi, nami nilijua. Nilikimbilia sifa."

"Tata, jamani," Ikupa alimnong'oneza baba yake, akamshika mkono.

Huko Mafinga, Anania alipanga mbao mpya kivulini. Kila asubuhi alizigonga kwa kidole, akasikiliza kama zimekauka, akaziacha. Marta alimtania, "Leo huwashi moto?" Yeye alicheka tu.

Baada ya miezi minne kabati la pili likafika Mwanjelwa bila kigelegele hata kimoja. Ikupa akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akamwangukia baba yake kifuani. Ama kweli, mwenda pole hajikwai.