Taa kwa Baba, Unga kwa Mama

Nyasi hazina ugomvi na mtu. Zimejiotea zao, zinangoja mvua, na siku fahali wawili wakiamua kupimana ubavu juu yake, hakuna anayeziuliza kama zimeridhia. Mmoja atashinda, mwingine atashindwa, na wote wawili wataondoka na mikwaruzo ya kujivunia. Nyasi zitabaki palepale, zimelala kifudifudi. Sisi tunaoishi Saskatchewan, jimbo la Kanada ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu, hatuhitaji kufafanuliwa methali hiyo. Ajabu ni kwamba tunaijua vizuri, kisha tunakwenda nyumbani na kufanya yaleyale.

Leanne Hrycak na Curtis Dahl walikuwa wameachana kwa miaka minne. Hakimu aliwagawia nyumba, magari na hata mashine ya kufyekea nyasi, na kwa kuwa mtoto hakatwi kwa msumeno, akawagawia wiki zake. Wiki moja Tessa alikaa Regina kwa mama, wiki iliyofuata mji wa Moose Jaw kwa baba. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni walikutana kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa katikati ya njia, Tessa akashuka gari hili na kupanda lile, mkoba mgongoni. Wazazi hawakusalimiana. Walikuwa na hasira iliyokwisha kuota mizizi, ile ambayo mwenyewe hakumbuki tena ilipandwa lini, lakini haachi kuimwagilia maji.

Januari hiyo Tessa alitimiza miaka kumi. Kwa mwaka mzima alikuwa amesoma kila alichokipata kuhusu mjusi ndevu, yule mjusi wa majangwa ya Australia mwenye miiba laini kidevuni, na hakutaka zawadi nyingine duniani. Curtis alipopata fununu kwamba Leanne anafikiria kumnunulia mtoto huyo mjusi, alimwahi. Jumamosi hiyohiyo alimleta nyumbani: mtoto wa mjusi wa wiki nane, mrefu kama penseli, tumbo nene na macho ya kizee. Tessa akamwita Perogi, jina la vile vibumba vya viazi anavyopika bibi yake kila Krismasi.

Haki yake Curtis apewe. Siku ile alifanya kazi kama baba. Alilaza tangi la kioo juu ya kabati, akatandika karatasi za jikoni badala ya mchanga, maana mtoto wa mjusi humeza mchanga ukamziba tumbo. Upande mmoja alifunga taa ya joto juu ya gogo la kuotea, na juu ya tangi akalaza taa ndefu nyembamba, ile inayotoa miale ya jua. Tessa alisimama pembeni akitaja masharti, baba akiyaandika nyuma ya karatasi ya gereji yake: nyenje wasiozidi upana wa kichwa chake kati ya macho, mboga za majani kila asubuhi, unga wa kalsiamu juu ya nyenje, taa ndefu saa kumi na mbili kwa siku. Unga tu ndio aliousahau dukani.

Jumapili ikafika. Tessa alishuka kwenye baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri akiwa amekumbatia sanduku la kubebea vinywaji, ndani yake chupa ya maji moto iliyofungwa soksi, na kando ya chupa, Perogi.

"Hicho nini?" Leanne aliuliza kabla mtoto hajafunga mlango wa gari.

"Mjusi ndevu, mama. Baba kaninunulia! Tazama anavyonitazama."

Leanne hakutazama. Alishuka, akavuka uwanja kwa hatua za mtu anayekwenda kuzima moto.

"Curtis! We Curtis, shusha kioo!"

Curtis alikishusha nusu. "Nini tena?"

"Mnyama mzima unamnunua bila kuniuliza, halafu unaniletea ndani ya sanduku la bia? Taa zake ziko wapi?"

"Kwangu. Nimezinunua mimi, nimezifunga mimi. Taa zangu hazivuki barabara."

"Hata kwa mwanao?"

"Mwanangu anazo, ziko Moose Jaw. Si wewe uliyemwambia hakimu kwamba kwako hakukosekani kitu? Haya, tuone."

"Sikuombi kitu, Curtis Dahl! Sikukuomba jana, sikuombi leo!"

"Wala usiniombe." Kioo kikapanda.

Ndani ya gari Tessa alikuwa amefunika sanduku kwa koti lake ili Perogi asisikie kelele. Wajuzi wanasema mjusi hasikii sana. Mtoto ndiye anayesikia.

Walipofika Regina, Tessa akaitoa ile karatasi ya masharti na kumpa mama. Leanne aliutambua mwandiko kabla hajasoma neno, ule mwandiko uliolala upande kama mlevi aliyeegemea ukuta, na damu ikampanda. Mtu yule, aliyesahau mara tatu siku ya mtoto kwenda kwa daktari wa meno, leo anamwandikia yeye masharti ya malezi! Akaikunjakunja karatasi na kuitupa kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya viazi. Hakuisoma. Hakujua kwamba, ingawa mwandiko ulikuwa wa Curtis, maneno yalikuwa ya mwanawe.

Kesho yake alinunua tangi mara mbili ya lile la Curtis. Akaweka gogo zuri, pango la mawe, vipimajoto viwili na taa kubwa ya joto. Muuza duka alimwambia asikose unga wa kalsiamu, akaununua. Alipotaja taa ndefu, Leanne akauliza ya nini. "Ndiyo inayoshika nafasi ya jua." Leanne akacheka. Nyumba yake ilikuwa na dirisha la kusini lenye upana wa ukuta, na jua la nyanda zetu wakati wa baridi, likipiga kwenye theluji, linaweza kumtoa mtu machozi. Tangi akaliweka dirishani. Perogi alipanda gogo, akajitandaza kama chapati, akafumba macho.

"Mama, ile taa ndefu..." Tessa alianza.

"Jua ni lile pale, Tessa. La Mungu. Baba yako hajaanza kuuza jua."

"Lakini tuliandika kwenye karatasi kwamba..."

"Tessa! Sifundishwi kulea na mtu wa gereji."

Jumapili ilipofika Tessa alitia chupa ya unga mkobani. Leanne aliiona, akaitoa. "Na yeye anunue. Ama kazi yake ni kuringa na taa tu?" Huko Moose Jaw, Curtis aliposikia unga upo Regina, alitingisha kichwa. "Kama upo, kwa nini hajautuma? Mwambie mama yako autume. Mimi sinunui kitu ambacho tayari kipo."

Tessa hakumwambia. Alikwisha jifunza kwamba neno likivuka kutoka nyumba moja kwenda nyingine hubadilika njiani likawa jiwe. Basi wiki ya taa haikuwa na unga, na wiki ya unga haikuwa na taa, na mtoto wa mjusi akawa anasafirishwa kila Jumapili ndani ya sanduku, kutoka nusu kwenda nusu. Hapa ndipo msimulizi hutamani awashike wazazi hao wawili masikio awagonganishe vichwa.

Mwezi wa Machi, Jumamosi asubuhi, Leanne alimwaga nyenje sita ndani ya tangi. Zamani Perogi angeruka kama mshale. Safari hii alinyanyua kichwa, akatoa ulimi, akakosa. Akakosa tena. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka, na tumbo lilikuwa chini, kana kwamba miguu haikutaka tena kazi ya kulibeba. Leanne alimtoa kwa viganja viwili. Mguu wa mbele ulikuwa umevimba, na alipogusa taya kwa ncha ya kidole, taya lilibonyea.

Alishikwa na hofu, na kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo, akaigeuza hasira. Akashika simu.

"Umemfanya nini mnyama wa mtoto?"

"Mimi? Aliondoka kwangu wiki nzima iliyopita, mzima!"

"Muongo! Taya lake laini kama jibini! Unamlisha nini huko, vumbi la breki?"

"Na wewe unamlisha nini, maneno? Maana ndiyo tu yamejaa kwako!"

Tessa alikuwa amesimama mlangoni na sanduku mkononi, chupa ya maji moto tayari imefungwa soksi. "Mama," alisema polepole, "tumpeleke kwa daktari kabla hatujachelewa."

Daktari Moen alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, bingwa wa wanyama wadogo. Curtis, aliyemsikia Tessa simuni, alikuwa amefika mbio, mikono ingali na grisi. Daktari alipiga picha ya mifupa, akaibandika ukutani penye mwanga. Mifupa ya Perogi haikuonekana vizuri. Ilikuwa kama imechorwa kwa penseli kisha ikafutwa.

"Taa ya miale mnayo?" aliuliza.

"Ninayo," alisema Curtis, akimtupia Leanne jicho. "Ya daraja la kwanza."

"Unga wa kalsiamu?"

"Upo," alisema Leanne. "Kila mlo wa mchana."

"Basi sielewi. Vyote viko tangi moja?"

Daktari akawatazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akamtazama Tessa.

"Taa iko kwa baba," alisema Tessa. "Unga uko kwa mama."

"Kwangu ana jua," Leanne alidakia. "Anaota dirishani tangu asubuhi!"

"Nyuma ya kioo?"

"Ndiyo, nyuma ya kioo. Nimtoe nje agande?"

"Kioo kinapitisha joto na mwanga, mama. Ile miale inayojenga mfupa kinaizuia. Unga bila taa haufiki mfupani, na taa bila unga haina cha kupeleka. Kwa miezi miwili mwili wake umekuwa ukichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe ili moyo usisimame."

"Nilisema!" Curtis alipaza sauti. "Taa niliiandika kwenye karatasi!"

"Na unga je? Huo ulikushinda kununua?"

"Ungeutuma!"

"Ungeomba!"

Daktari Moen alipiga meza kwa kiganja hata Perogi akafumbua macho. "Nyie! Mnyama anakufa hapa, nyie mnagombania karatasi?" Akavuta pumzi. "Ataishi, nikimwahi. Taya litabaki limepinda, na mguu ule hautanyooka. Lakini sikilizeni. Huyu haendi tena huku na huku. Anataka nyumba moja, tangi moja, kila kitu pamoja. Kiumbe mdogo hakui akihamishwa kila wiki. Semeni sasa, atakaa wapi?"

"Kwangu," alisema Leanne.

"Kwangu," alisema Curtis, sauti zikigongana.

Wakageukiana, vidole juu. Tessa alisogea mezani, akaweka mkono wake kando ya Perogi, naye akatambaa kwa shida mpaka kwenye kiganja chenye joto.

"Daktari," alisema, "wewe unayo taa na unga?"

"Ninavyo vyote."

"Basi akae kwako. Kabisa." Hakulia. Aliwageukia wazazi wake, na uso wake ulikuwa mwekundu kwa hasira ambayo hawakupata kuijua kama anayo. "Kwa hiyo mjusi hahamishwi kila wiki, atavunjika. Na mimi?"

Curtis alishusha kidole alichokuwa amemnyooshea Leanne. Leanne alitafuta mtu wa kumlaumu kama alivyozoea, hasira ikazunguka chumba kizima ikikosa pa kutua, na mwishowe ikamrudia yeye mwenyewe. Ikamuuma kuliko yote aliyowahi kumwambia Curtis.

Jumapili iliyofuata, saa kumi na moja, magari mawili yalisimama kwenye kituo cha mafuta. Curtis alishuka akiwa amekumbatia taa ndefu iliyoviringishwa ndani ya taulo. Leanne naye alishuka, mkono mfukoni, na mfukoni mlikuwa na chupa ya unga. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenziwe. Walisimama katikati ya uwanja wakitazama vitu walivyonyimana majira yote ya baridi, na wote wawili wakaona aibu.

"Chukua," alisema Curtis.

"Chukua wewe," alisema Leanne.

Tessa alipita katikati yao, sanduku tupu mkononi, soksi imening'inia nje. Hakumtazama huyu wala yule. Alifungua mlango wa nyuma wa gari la baba, maana ilikuwa wiki yake, akaketi, akajifunga mkanda.

"Mpelekeeni daktari," alisema, akavuta mlango.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.