Gari Jekundu la Ožbej

Gari la Ožbej lilikuwa dogo, jekundu na kuukuu, lenye umri wa miaka hamsini na miwili. Kiwanda kilicholiunda kilikwisha kufungwa, na mitambo yake ikauzwa kama chuma chakavu. Hata hivyo, kila Jumamosi mzee huyo aliliosha kwa maji ya uvuguvugu kama mtu aoshaye farasi wa mashindano. Ndani ya gari hilo yeye na mkewe, Zofija, walikwenda kanisani kufunga ndoa. Zofija, kabla ya kukata roho, alimwambia, "Neža naye umpeleke kwa gari letu. Mwanangu asipande la watu." Ožbej akaapa.

Siku tatu kabla ya harusi ya Neža, klachi ilivunjika. Drejc, fundi wa kijiji, alilala chali chini ya gari kutwa nzima, akatoka mweusi kama chungu.

"Vidole vya klachi vimekatika," alisema. "Haiachii tena. Injini na magurudumu vimeng'ang'aniana kama kupe na ng'ombe."

Walipiga simu kila mahali. Spea moja ilipatikana mjini, lakini ilikuwa ya toleo la baadaye, meno yake hayakuingiliana. Nyingine ingefika baada ya wiki tatu.

"Mzee, gari hili limekula chumvi nyingi," Drejc alisema. "Liache lipumzike."

"Mimi nimelizidi umri. Mbona hujaniambia nipumzike?"

Jirani yake Matevž, mwenye gari jipya jeupe, alichungulia juu ya ua. "Ožbej, nikuletee langu? Au bibi harusi ataswagwa kwa miguu kama ndama?"

Ožbej alimpa mgongo, akafunga boneti. Katika miaka ya ujana wake, spea zilipokuwa adimu kama maziwa ya kuku, alijifunza kuendesha bila klachi. Unazima injini, unaweka gia ya kwanza, unawasha. Gari linaruka, kisha linakwenda. Gia nyingine unazibadili kwa kusikiliza mlio wa injini. Taabu yake ni moja tu: kila ukisimama, lazima uzime na kuanza upya, na mlimani haliondoki.

Njiani angesimama mara moja tu, kwenye kizuizi. Bibi harusi hatoki kijijini humo kabla vijana makapera hawajafunga njia kwa gogo, na bwana harusi akalikata na kuwapa pombe. Kizuizi kiliwekwa siku zote kwenye tambarare, mbele ya kituo cha wazima moto. Ožbej alitulia. Kiburi kikamfunga mdomo, asimwambie mtu kwamba klachi bado ni mbovu.

Siku ya harusi gari liliruka, likaondoka, likaongoza msafara. Neža alikaa mbele, naye Gašper, mchumba wake, nyuma. Walipofika kituoni, palikuwa patupu. Mwaka uliopita bwana harusi mmoja alikwepa kizuizi kwa kupitia uani, kwa hiyo vijana walikuwa wamekihamishia katikati ya mlima, mahali pasipo na mchepuko.

Ožbej hakuwa na la kufanya ila kusimama. Akazima injini na kuvuta breki ya mkono. Magari mengine yaliegeshwa nyasini, watu wakakusanyika. Gašper akashika msumeno butu.

"Kata, bwana!" vijana walimchagiza. "Au mkono huo umezoea kijiko tu?"

Gogo lilikatika, chupa zikafunguliwa, njia ikawa wazi. Ožbej akawasha. Gari likatetemeka, likasogea upana wa dole gumba, likafa. Akajaribu tena, betri ikalia kinyonge.

Matevž akacheka hadi kofia ikamwanguka. "Sasa basi! Mwari, njoo huku kwenye gari la watu wazima!"

"Baba, kuna nini?" Neža aliuliza.

"Klachi imekufa tangu Alhamisi, mwanangu. Nitarudi nyuma mpaka tambarare, nije kwa kasi."

Shangazi Polona alisikia, akapiga ukelele. "Ožbej! Bibi harusi aliyekwisha kutoka kwao harudishwi nyuma hata hatua moja! Unataka ndoa nayo irudi nyuma?"

Neža akafungua mlango, akashuka. "Nenda, Baba. Mimi nakungoja hapa hapa."

"Sitaweza kusimama tena."

"Nani kakuambia usimame?"

Gari likateremka kinyumenyume, kimyakimya, mpaka kituoni. Ožbej akaweka gia ya kwanza, akageuza ufunguo. Likaruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, injini ikanguruma, likaanza kupanda mlima kwa mwendo wa ng'ombe aendaye zizini. Lilipomfikia Neža, alikuwa amekwisha kukunja gauni magotini. Akakimbia sambamba nalo hatua tatu, Gašper akimsukuma mgongoni, akajitupa kitini na kubamiza mlango.

Gašper hakupata nafasi. Alilikimbiza gari mpaka pumzi ikamwishia, na ndiye aliyefika kanisani ndani ya gari jeupe la Matevž, amekunja uso.

Ožbej alikuwa amekwisha kumfungulia binti yake mlango, mbele ya ngazi zilezile alizopanda na Zofija. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.