Chokaa Mbichi ya Bi Mwanajumbe

Imepokewa kutoka kwa wazee wetu, Mwenyezi Mungu awanawirishie makaburi yao, kwamba katika mji mmoja wa pwani ilikuwa ada, kila Shaaban ikielekea ukingoni, watu kukarabati nyumba za wasiojiweza kwa kutaka thawabu tu. Mitaa mizima ilinukia chokaa, na Ramadhani ikiandama ilizikuta kuta nyeupe pe. Ah, siku zile! Leo paa la jirani likivuja, twamuuliza yeye kama ameliona.

Basi mwaka mmoja, baada ya sala ya Ijumaa, ikatajwa nyumba ya Bi Mwanajumbe, ajuza mjane aliyewasomesha Kurani mabinti wa mtaa kwa miaka arubaini. Masika yalikuwa yameubomoa ukuta wake wa mbele. Wa kwanza kuinuka alikuwa Mwinyikombo, mwashi hodari na mtu wa sala tano msikitini. Akasema ukuta na chokaa ni juu yake, na wengine wakatoa mawe, boriti na nguvu zao.

Sasa nisikilizeni. Chokaa, waungwana, ikitoka tanuuni huzimwa kwa maji shimoni, ikaachwa miezi mpaka iive. Isiyoiva hupendeza siku ya kwanza, kisha hututumka ukutani na kubanduka. Mwinyikombo alikuwa na mashimo mawili uani. Moja lilikuwa na chokaa ya miezi minane, aliyoiweka kwa nyumba yake mwenyewe, maana bintiye angeolewa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. La pili lilikuwa na chokaa ya siku sita. Akasimama hapo kitambo, na nafsi, ambayo haichoki kushauri, ikamwambia kwamba cha kupewa hakichaguliwi. Akachota ile mbichi.

Nyumba iling'ara. Imamu akamwombea hadharani, naye akazipokea sifa kwa kuinamisha kichwa, kama wafanyavyo wanyenyekevu.

Kumi la kwanza la Ramadhani halijesha, asubuhi moja alipita pale akamkuta Bi Mwanajumbe ameinama barazani, anafagia maganda meupe. Ukuta umejaa vishimo kama uso wa mwenye ndui. Wapita njia wakasema ni chumvi ya mawe ya kale, na hakuna fundi awezaye kushindana na chumvi. Walikwisha kumpa udhuru. Hakuhitaji hata kusema uongo, kunyamaza kungetosha, na neno moja tu la kweli lingeiondoa heshima aliyoijenga miaka ishirini. Akaenda zake nyumbani, akajilaza, usingizi ukamkataa. Alasiri akarudi.

"Bibi," akasema, "si chumvi. Nilikupaka chokaa mbichi, nami najua. Iliyoiva nimeiweka kwangu."

Bi Mwanajumbe akauegemeza ufagio. "Mimi ni binti wa mwashi, mwanangu. Niliinusa siku ile ile."

Machozi yakamlengalenga Mwinyikombo. Akamuuliza mbona basi hakumwambia, akawa anafagia kimya kimya siku zote hizo.

"Ningekwambia mimi, ungeona haya mbele yangu, ukautengeneza ukuta kwa ajili yangu. Nilitaka uone haya mbele ya Mola wako. Basi nikafagia, nikangoja."

Ijumaa iliyofuata Mwinyikombo akaungama mbele ya jamaa wote. Kisha, na saumu yake, akaubandua ukuta mzima, akaupaka upya kwa chokaa ya miezi minane mpaka shimo likawa tupu. Mfungo Mosi ukaingia, bintiye akaolewa katika nyumba iliyopauka, na wageni, wanadamu hawaachi, wakanong'ona. Baba mtu alisimama mlangoni akiwakaribisha mmoja mmoja, na waliomjua walisema hawajapata kumwona na furaha kama ile.

Ndugu zangu, wengi wetu hatukosi cha kutoa. Twakosa tu moyo wa kutoa kile ambacho tungekitaka sisi wenyewe. Mola atujaalie haya ya mapema, tuyaone makosa yetu kabla ajuza wa watu hajashika ufagio.