Hodi Kwenye Jiwe la Chemchemi

Tegeni masikio, wanangu, nami nifungue kinywa!

Zimwi liliziba chemchemi ya kijiji kimoja kwa jiwe. Ukibisha hodi linauliza, "Nani?" Ukijibu "Mimi," linameza sauti yako. Alikwenda mganga, akarudi bubu. Akaenda jumbe, akarudi bubu. Akaenda shujaa, naye akarudi bubu.

Bi Kidawa mfinyanzi, ambaye udongo wake ulishakauka, akawaza: kumbe wote walijibu neno lilelile! Akakusanya kijiji kizima, hata wale mabubu watatu.

"Hodi!"

"Nani?"

"Sisi!"

Lo! Zimwi likameza, neno likakwama kooni. Likakohoa, likapasuka paa! Zikatoka sauti tatu, kisha maji, yakapanda juu kupita minazi. Bi Kidawa akasimama ameloa.

Huko mpaka leo, hata aliye peke yake mlangoni, ukimuuliza "Nani?", hujibu, "Sisi."