Kipimo cha Mdomo

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanalima na kujenga kama sisi, Bonde la Ukindu lilikuwa na ghala moja la mtama, na ghala lilikuwa na sheria moja. Kila kaya ilete debe moja baada ya mavuno. Tembo, aliyekuwa mfalme, alileta debe moja. Nyati alileta debe moja. Nguchiro, mjane mwenye watoto wanne na kishamba kisichozidi kivuli cha mpapai, naye alileta debe moja.

Wakubwa waliisifu sana sheria hiyo. Walisema ni ya haki, maana haimbagui mtu.

Kiangazi kilipokaza, ghala lilifunguliwa kwa ajili ya mgao. Hapo sasa haikuwapo sheria yoyote. Kiboko, mtunza ghala, aliingia kwanza pamoja na wakubwa wenzake, wakachukua mpaka wakatosheka. Wadogo walibaki mlangoni wakifagia makapi.

Mwaka mmoja manung'uniko yalizidi, mfalme akaitisha baraza ili raia watoe maoni. Kobe aliomba mgao uanzie nyuma ya foleni, kwa kuwa yeye hajawahi kuwa mbele. Kanga, jirani yake Nguchiro, aliomba mwenye shamba kubwa alete zaidi ya mwenye shamba dogo. Nguchiro aliomba kaya ambayo mazao yake yamekauka isamehewe mwaka huo. Karani Korongo aliyaandika maoni yote kwenye majani makavu ya mgomba. Mfalme akawashukuru. Jioni majani yale yakatumika kuchemshia chai ya wakubwa.

Nguchiro aliuona moshi. Alirudi nyumbani, akawapa watoto uji mwepesi wa kujitazamia sura, akakaa kizingitini akiwaza. Wakubwa hawa, aliona, hawapendi wazo lolote lisiloanzia tumboni mwao. Basi ni sharti lianzie huko.

Kesho yake alikwenda bwawani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kama umeleta maoni, baraza limekwisha."

Nguchiro alisema hakuleta maoni, ameleta masikitiko. Huko mitaani watu wanasema Mzee anakula kwa upendeleo, na yeye roho inamuuma kusikia hivyo. Kwa nini asile kwa sheria? Kila mtu apimwe mdomo kwa kamba. Kila upana wa kidole, fundo moja. Na kila fundo, pishi moja ya mtama. Nani atanung'unika tena?

Kiboko alitafakari. "Na wewe utapata nini?"

Nguchiro akafungua kinywa, akakionyesha.

"Hapo ni fundo moja," alisema Kiboko, kwa huruma.

"Ndiyo majaliwa yangu, Mzee."

Maneno ya sheria alikuwa amekwisha kuyafanyia mazoezi njiani. Aliyatamka polepole: "Mdomo wa mtu ndio kipimo chake mbele ya ghala." Kiboko aliyarudia mara mbili, akaona hayana kasoro. Ilipofika kwa mfalme, sheria ilikuwa tayari ni wazo la Kiboko, ikapita siku hiyohiyo.

Siku ya kupimwa, Kiboko alipanua kinywa, kwaaa, mpaka ndege waliokuwa mgongoni mwake wakaruka. Mafundo arobaini. Nyati aliivuta midomo yake kwa kwato, akapata thelathini. Mfalme Tembo alieleza kwamba mkonga nao ni sehemu ya mdomo, na hakuna aliyembishia. Akapata sitini na mawili. Kila mmoja aliapa mbele ya watu kwamba kipimo kile ni chake na hatakikana. Wadogo walipata fundo mojamoja. Kobe alitaka kupinga, Nguchiro akamkanyaga mguu.

Lakini, wanangu, hata mjanja hukosea hesabu. Nguchiro alidhani mwaka ule kila mdogo angepata walau pishi yake. Siku ya mgao wakubwa walitangulia, kila mmoja na kamba yake mkononi, na kabla hawajamalizika wao wenyewe, ghala lilikuwa tupu. Safari hii hata makapi hayakubaki.

Kanga alikuwa na vifaranga saba. Alimtazama Nguchiro, akasema, "Jirani, umetufunga kamba shingoni." Kisha akaondoka, na kwa kiangazi chote hakumsalimu.

Nguchiro hakulisahau neno lile. Kila asubuhi alichimba mizizi mpaka kucha zikaisha, akawapa watoto wake nusu, nusu nyingine akaiweka mlangoni kwa Kanga. Kanga aliichukua bila kushukuru. Nguchiro hakudai shukrani. Angeweza kumweleza alichokuwa akikingojea, lakini siri ya wadogo ikisikika bwawani huwa imekufa.

Mvua zikanyesha, mtama ukakomaa, siku ya kupeleka ghalani ikafika. Foleni ilikuwa ndefu, kila kaya na debe lake, na mfalme na karani wake walikuwa mlangoni wakishuhudia. Nguchiro alifika na pishi moja, isiyofika hata robo ya debe, akaimimina mbele ya Kiboko.

"Debe liko wapi?" Kiboko aliuliza.

"Mdomo wa mtu ndio kipimo chake mbele ya ghala, Mzee. Mimi nina fundo moja, nimeleta pishi moja. Wewe una arobaini."

Nyati alisema sheria ile ilikuwa ya kuchukua tu. Nguchiro aliomba isomwe, na karani akaisoma. Neno "kuchukua" halikuwamo. Karani akaisoma tena kwa amri ya mfalme, na mara ya pili pia halikuwamo.

Ndipo Kiboko akakaza midomo yake hadi ikabaki tundu la kupitisha maharage. Kwa kupitia tundu hilo aliomba apimwe upya, akidai kwamba siku ya kupimwa ilimkuta na uvimbe wa midomo.

"Apimwe," alisema Nguchiro. "Ila fundo litakalofunguliwa leo, limefunguliwa na kwenye mgao. Kiangazi kikija, usije na mdomo mwingine."

Kiboko alimtazama mfalme. Mfalme alikuwa akiutazama mkonga wake. Nyuma yao bonde zima lilisimama likisubiri, na Kobe, ambaye safari hii alikuwa ametoka nyumbani siku tatu kabla, alikuwa mstari wa mbele.

Kiboko alifikiri sana. Alifikiria mtama wake, kisha akafikiria tumbo lake. Mwishowe, taratibu, akafungua kinywa chote: mafundo arobaini yaleyale.

Mtama wa wakubwa uliletwa kwa siku nne. Ghala lilijaa hadi kwenye paa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na ziada ikawekewa kaya ambazo mazao yao yamekauka. Kiangazi kilipokuja, wakubwa walichukua kwa mafundo yao na bado wadogo wakapata. Vifaranga wote saba wa Kanga walikua. Siku moja Kanga alisimama mlangoni kwa Nguchiro, akasema hodi, akaketi, wakamenya mihogo pamoja bila kutaja yaliyopita.

Basi jueni, wanangu: apokeaye kwa kapu asitoe kwa kijiko.